Kipima pH na Maji ya Vyungu

Mtu mwenye gadenia kwenye chungu barazani, tuseme Kigamboni au Mbezi, akiwa anamwagilia maji ya kisima, huiona dalili hii miezi michache baada ya kununua mche. Majani machanga yanatoka manjano, mishipa inabaki kijani. Anaongeza mbolea, manjano yanazidi. Jirani anamshauri anyunyize majivu juu ya udongo, na majivu yanaumalizia mche. Ukweli ni kwamba mche ule haukuwa na njaa ya mbolea. Madini ya chuma yamo udongoni, ila yamejifunga, kwa sababu maji ya kisima yameipandisha pH ya udongo mpaka mizizi haiwezi kuyanyonya. Majivu nayo huipandisha zaidi.

Kwa mtu kama huyo kipima pH kinastahili kununuliwa. Lakini nikueleze msimamo wangu mapema: kifaa chenyewe ni nusu tu ya manunuzi. Nusu ya pili ni maji maalumu ya kukirekebishia, na wengi hawayanunui. Tena namba utakayoisoma kwenye ndoo haitoshi kukuongoza. Inabidi ujue maji yako yanaipinga asidi kwa nguvu gani, na ujue kinachotoka chini ya chungu.

Wapo wasiohitaji kifaa hiki kabisa. Kama una bogenvilia tatu na mshubiri, unamwagilia maji ya bomba au ya mvua, na majani yako yana afya, weka pesa yako. Bogenvilia na mshubiri hazina makuu. Kipima pH kinamfaa mwenye gadenia, iksora, haidrenjia, bluberi, mndimu wa kwenye pipa, au mwenye kitalu cha kuuza, na zaidi ya wote yule anayetegemea kisima.

Kuhusu pH yenyewe, yatosha kujua mambo mawili. Kipimo kinaanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni ualkali. Na kila hatua moja ni mara kumi: maji ya pH 5 ni machachu mara kumi kuliko ya pH 6, na mara mia kuliko ya pH 7. Ndiyo maana tofauti ya nukta tano tu kwenye chungu si ndogo. Mizani hii aliibuni mkemia Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Kifaa cha umeme kilichoifanya iwe rahisi kusomeka kilitengenezwa na Arnold Beckman huko California miaka ya 1930, kwa ajili ya mwenzake aliyekuwa akihangaika kupima uchachu wa maji ya malimau. Kwa hiyo ukikitumbukiza kipima chako kwenye glasi ya ndimu, unakirudisha kwenye kazi yake ya kwanza.

Mimea mingi ya vyunguni hustawi udongo ukiwa kati ya 5.8 na 6.5. Gadenia, iksora na azalea hupenda upande wa chini wa kiwango hicho. Bluberi hushuka zaidi, 4.5 hadi 5.5, sawa na chai. pH ikipita 7, chuma na manganizi vinaanza kukosekana. Ikishuka chini ya 5, manganizi huyeyuka kupita kiasi hadi kuwa sumu, na mizizi huumia.

Dukani

Utakutana na vifaa vya aina tatu, na wauzaji wengi huviita vyote kwa jina moja.

Cha kwanza ni kile chenye vijiti viwili au vitatu vya chuma, hakina betri, kina mshale na swichi ya kuchagua unyevu, mwanga au pH. Kiache. Vijiti vyake hufanya kazi ya betri dhaifu ndani ya udongo, na mshale hufuata mkondo wa umeme, ambao hubadilika kwa unyevu, kwa chumvi na kwa jinsi ulivyokichomeka. Kwenye chungu kimoja utapata majibu matatu. Kwenye maji hakifai kabisa.

Cha pili ni kalamu ya elektroniki yenye kioo cha kusomea namba na, chini yake, kijitufe cha glasi nyembamba. Kijitufe hicho ndicho elektrodi, na ndicho unachokilipia. Hiki ndicho ninachokushauri ununue. Cha tatu ni kipima cha mezani chenye elektrodi yake kwenye waya. Ni kizuri, ila ni cha maabara na vitalu vikubwa.

Ukishaishika kalamu mkononi, usidanganyike na wingi wa namba. Kifaa kinaweza kukuonyesha 6.47 na bado kiwe kinakosea kwa nukta mbili za kumi. Soma kwenye karatasi yake palipoandikwa usahihi, yaani ile alama ya kujumlisha na kutoa. Kosa la 0.1 linatosha kabisa kwa vyungu, la 0.05 ni zuri; la 0.01 unalilipia bure. Hakikisha kinarekebishwa kwa pointi mbili au zaidi, maana cha pointi moja hakiwezi kukuonyesha kuwa elektrodi imechoka. Uliza kama elektrodi inabadilishwa. Elektrodi huzeeka hata ikikaa kabatini, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na kalamu isiyobadilishwa elektrodi hutupwa yote. Uliza pia betri. Kalamu nyingi ndogo hutumia zile za kitufe za LR44, ambazo mafundi saa wanazo.

Kipengele cha kurekebisha joto kinasifiwa mno kwenye maboksi. Kina faida, lakini kinasahihisha mwenendo wa elektrodi tu, hakibadilishi maji yako. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye ndoo yake hukaa kwenye nyuzi 26 hadi 31 mwaka mzima, tofauti yake ni ndogo. Usikikatae kifaa kizuri kwa kukosa hicho.

Kwenye boksi angalia kama kuna pakiti za unga zilizoandikwa 4.00 na 6.86, mara nyingine na 9.18. Hizo ni bafa, unga wa kutengenezea maji ambayo pH yake inajulikana kwa hakika. Kama hazimo, nunua pale pale au kwenye duka la vifaa vya maabara. Bila bafa umenunua saa ambayo huna wa kumuuliza imechelewa kiasi gani.

Kama bajeti haifiki huko, usione aibu kununua matone ya rangi yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Unadondosha kwenye maji, unalinganisha rangi na kadi. Hayahitaji kurekebishwa wala kuhifadhiwa kwenye unyevu, na mtu mwenye vyungu kumi yanamtosha. Angalia tu yanasoma kuanzia ngapi. Matone ya bwawa la kuogelea huanzia karibu na 6.8, na chini ya hapo hayakuonyeshi chochote, wakati wewe ndiko unakotaka kuona.

Kukirekebisha

Unahitaji maji yasiyo na madini. Vituo vya mafuta na maduka ya vipuri huuza maji ya betri, yanafaa. Ila soma chupa mara mbili: kwenye rafu ile ile hukaa asidi ya betri, na wapo wauzaji wanaoviita vyote viwili maji ya betri. Pakiti moja kwa kawaida huyeyushwa kwenye mililita 250; fuata ilivyoandikwa.

Mimina bafa kidogo kwenye kikombe safi, kiasi cha kuzamisha kijitufe, si kukizamisha kifaa kizima. Anza na 6.86 (au 7.00, kama ndiyo uliyouziwa), subiri namba itulie, bonyeza kitufe cha kurekebisha. Suuza kwa maji ya betri, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, kisha ingia kwenye 4.00 na ufanye vivyo hivyo. Kama maji yako ni ya kisima na unategemea kusoma 7.5 au 8, malizia na 9.18. Bafa uliyoitumia imwage. Kuirudisha chupani ni kuiharibu yote.

Hapa kuna jaribio dogo ambalo maelekezo ya boksi hayalitaji. Baada ya kurekebisha kwa 6.86, kabla hujabonyeza chochote kwenye bafa ya 4.00, tazama kifaa kinasoma ngapi. Kikisoma 4.0 au 4.1, elektrodi yako ni nzima. Kikisoma 4.5, imechoka au imechafuka. Kikigoma kushuka chini ya 5, usipoteze muda wala bafa.

Rekebisha angalau mara moja kwa wiki unapokitumia, na kila kikikaa muda mrefu bila kazi. Bafa ya 4 ikiota ukungu, itupe. Ya 9.18 hunyonya hewa ukaa na kushuka taratibu, kwa hiyo ifunike vizuri na usiiamini ikishafunguliwa kwa miezi.

Kupima maji

Suuza elektrodi kwa maji yale yale unayotaka kuyapima, tumbukiza, koroga kidogo, subiri. Sekunde 30 ni chache. Dakika moja hadi mbili ni kawaida. Usisugue kijitufe kwa kitambaa, na kamwe usikichomeke kwenye udongo. Mchanga huikwangua glasi, na hapo umekwisha.

Maji ya kisima yana mchezo wake. Yakitoka moja kwa moja kwenye pampu huwa yamebeba hewa ukaa iliyoyeyuka chini ya ardhi, na hewa hiyo huyafanya yaonekane machachu kuliko yalivyo. Ukiyaacha usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, hewa inatoka na pH inapanda, pengine kwa nusu hatua au zaidi. Wapo wanaopima asubuhi kwenye bomba, wanapata 7.0, wanafurahi, kumbe kinachokaa kwenye chungu ni 7.8. Pima maji yaliyokaa, katika hali ile ile unayoyamwagia.

Maji ya mvua na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi yana tabia tofauti. Hayana madini ya kutosha, kwa hiyo namba hutembeatembea na kifaa huonekana kama kimeharibika. Hakijaharibika. Mvua safi hukaa karibu na 5.6 kwa sababu ya hewa ukaa ya angani, na kwa vyungu hakuna maji bora kuliko hayo. Mwenye gadenia akikinga maji ya masika kwenye tangi la plastiki, matatizo yake mengi yamekwisha. Tangi la saruji jipya ni jambo lingine: chokaa ya saruji huyeyuka ndani ya mvua, na pH inaweza kuvuka 8 kirahisi.

Nguvu ya kupinga

Sasa tunafika mahali ambapo wengi hupotea. Chukua maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi la saruji, yanasoma 8. Chukua maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama vilivyo vingi mashariki na kusini mwa Unguja, nayo yasome 8. Kifaa kinasema ni sawa. Tia matone machache ya ndimu kwenye kila ndoo. Ya kwanza yanaporomoka chini ya 6. Ya pili hayatikisiki. Kikombe cha chai na sufuria nzima ya chai vyaweza kuwa na joto lile lile, lakini cha kupoza kimoja ni pumzi na cha kupoza kingine ni nusu saa.

Tofauti hiyo inatoka kwenye bikabonati, madini ambayo maji hukusanya yakipita kwenye mwamba wa chokaa. Bikabonati ndiyo inayoipandisha pH ya udongo wa chungu siku baada ya siku, kila unapomwagilia. Namba ya pH kwenye ndoo peke yake haina uwezo mkubwa wa kubadili udongo. Maji ya pH 8 yenye bikabonati kidogo hayadhuru kitu. Maji ya pH 7.4 yaliyojaa bikabonati yataua iksora yako polepole. Chungu kidogo huathirika haraka zaidi kwa sababu udongo wake ni mchache na maji yanapita mara nyingi.

Unaweza kuipima nguvu hii nyumbani kwa kalamu yako. Nunua asidi ya sitriki ya unga, ile wanayotumia watengenezaji wa juisi na jamu. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji. Pima lita moja ya maji yako yaliyokaa, weka kalamu ndani, halafu kwa sindano ya dawa ya mililita 10 isiyo na ncha ongeza mchanganyiko ule kidogo kidogo, ukikoroga na kusubiri, mpaka kifaa kisome 6.0. Andika umetumia mililita ngapi.

Chini ya 10, maji yako ni mapole. Achana na habari ya asidi. Kati ya 10 na 25, mimea yenye makuu itahitaji msaada, mingine itavumilia. Zaidi ya 25, una maji makaidi, na unajua sasa kwa nini mbolea haikusaidia. Ukitaka namba rasmi, maabara ya maji itakupimia alkali kwa miligramu za kalisi kabonati kwa lita: chini ya 100 ni salama kwa vyungu, zaidi ya 150 unaanza kuona shida, na 200 inalingana takriban na mililita 25 za jaribio lako la nyumbani.

Kuyashusha maji

Jaribio lile limekupa dozi bila hesabu ngumu. Kama lita moja ilihitaji mililita 24, ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 480 za mchanganyiko ule, yaani karibu gramu 5 za unga, kijiko cha chai. Tia asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi, koroga, subiri robo saa, pima tena. Namba itapanda kidogo kwa sababu hewa ukaa inatoka. Usiifukuzie hadi 5. Lengo ni 6 hadi 6.5.

Maji ya ndimu na siki nyeupe hufanya kazi hiyo hiyo, ila ndimu huleta sisimizi na nguvu yake hubadilika kutoka tunda hadi tunda. Pia ujue kasoro ya asidi zote hizi za jikoni: bakteria wa udongoni huzila, na zikishaliwa bikabonati hurejea. Kwa hiyo ni dawa ya kila umwagiliaji, haijengi akiba. Mashamba makubwa ya maua, kama yale ya Naivasha, hutumia asidi ya nitriki au ya fosforasi, ambazo haziliwi na bakteria, lakini yana watu wenye glavu na miwani na mashine za kupimia dozi. Asidi ya betri nasikia inatajwa sana kwenye bustani za kando ya barabara. Sioni sababu ya mtu mwenye vyungu ishirini kuhatarisha macho yake kwa kazi ambayo kijiko cha sitriki kinaimaliza.

Kuna njia ya taratibu ambayo mimi naipenda zaidi. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) huongeza uchachu udongoni kadiri bakteria wanavyoibadilisha amonia. Kijiko cha chai kisichojaa kwenye ndoo ya lita 10, mara moja kila wiki mbili, badala ya CAN, itakusaidia kwa nitrojeni na kwa pH kwa mkupuo mmoja. Salfa ya unga, ile wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanayopulizia mikorosho, nayo hushusha pH, ila huchukua wiki kadhaa na kipimo chake ni kidogo mno: nusu gramu kwa lita moja ya udongo, kisha pumzika uone. Changanya na maji ya mvua pale unapoyapata, hata nusu kwa nusu.

Na kama mche umeshakuwa wa manjano, kushusha pH peke yake hakutauokoa haraka. Upe chuma cha kumwagia udongoni, ukisoma pakiti kwa makini: chuma kilichoandikwa EDTA hupoteza nguvu pH ikivuka takriban 6.5, kilichoandikwa EDDHA huendelea kufanya kazi hata kwenye udongo wa alkali. Hakikisha kwanza ni chuma kweli kinachokosekana. Manjano ya upungufu wa nitrojeni huanzia majani makuukuu ya chini, tena jani zima. Ncha na kingo zilizoungua ni dalili ya chumvi.

Hiyo chumvi kipima pH hakiioni. Kisima cha karibu na bahari kinaweza kusoma 7.0 na bado kiwe kinaua mche kwa chumvi, na hakuna asidi itakayoiondoa. Kwa hilo unahitaji kipima chumvi, kile kinachouzwa kwa jina la TDS. Kama unaishi pwani na una pesa ya kifaa kimoja tu, pengine hicho ndicho uanze nacho.

Wa Arusha na miteremko ya Meru wana lao. Maji yao mengi yana floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na magadi kwa wingi. Drasena na mimea jamaa zake huunguzwa ncha na floraidi, na floraidi hunyonywa kwa urahisi zaidi udongo ukiwa mchachu. Kwa mimea hiyo usishushe pH, ishikilie 6.5, na uitafutie maji ya mvua. Wa Njombe, Bukoba au Kericho wako upande wa pili kabisa: udongo wao tayari ni mchachu, na wakijaza vyungu kwa udongo wa shambani watahitaji chokaa ya kilimo kidogo, si ndimu.

Maji ya chini ya chungu

Mizizi haikai kwenye ndoo. Mara moja kila wiki mbili au tatu pima kinachotoka chini. Mwagilia kama kawaida, subiri kama saa moja. Kiinue chungu kwenye vijiti viwili juu ya kisosi kikavu, kisha mwaga taratibu juu ya udongo maji ya betri au ya mvua, kiasi cha mililita 100 kwa chungu cha sentimita 15, ili yasukume nje yale yaliyokuwa yamekaa kwenye mizizi. Kusanya mililita 50 za kwanza tu na upime. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari, pamoja na tarehe. Namba moja haisemi mengi, zikipangana 6.2, 6.5, 6.9, unaona mahali unakoelekea kabla jani halijabadilika rangi.

Kama maji ya kumwagilia ni mazuri lakini yanayotoka chini yanasoma 7.8, mkosaji amo ndani au pembeni. Chungu kipya cha saruji ni mshukiwa wa kwanza. Vile vyungu vizuri vinavyofinyangwa na kuuzwa kando ya barabara hutoa chokaa kwa muda mrefu. Vijaze maji, yamwage na kuyabadilisha kila siku chache kwa wiki mbili tatu kabla ya kupanda, au panda kwenye chungu cha plastiki na ukitumbukize ndani ya cha saruji. Mshukiwa wa pili ni kokoto za matumbawe na makombe ya pwani yaliyotandazwa juu ya udongo kwa urembo. Wa tatu ni majivu. Vumbi la makumbi ya nazi, kwa upande wake, halina hatia ya pH, kwa kawaida ni 5.5 hadi 6.5, lakini lioshe vizuri kabla ya kulitumia kwa sababu huja na chumvi.

Kukitunza

Kijitufe kikikauka kinakufa. Weka matone machache ya maji ya kuhifadhia ndani ya kifuniko, nayo ni potasi kloraidi, gramu 22 hivi kwenye mililita 100. Ukiyakosa, tumia bafa ya 4.00. Usihifadhi kwenye maji ya betri, ingawa yanaonekana safi. Yanafyonza chumvi za ndani ya elektrodi. Kwa dharura hata maji ya bomba ni afadhali. Ukikuta fuwele nyeupe zimeganda kwenye kifuniko, usishtuke, ni chumvi ile ile, suuza.

Mwenye maji ya kisima atakuta utando mweupe wa chokaa kwenye glasi. Dakika kumi ndani ya siki unatoka. Mafuta ya vidole huondolewa kwa sabuni ya vyombo iliyozimuliwa sana. Baada ya usafi wowote ilaze elektrodi kwenye maji ya kuhifadhia kwa saa kadhaa, kisha rekebisha upya. Iliyokauka kabisa ipe usiku mzima kabla ya kuikatia tamaa, na asubuhi uirudishe kwenye jaribio la bafa ya 4.00. Ikisoma juu ya 4.5 hata baada ya hapo, nunua elektrodi nyingine, na wakati unaisubiri tumia matone.